Land Rover ya marehemu baba: kwa nini fundi mmoja anataka 1,300,000 na mwingine 5,900,000?

Swali:

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tukuyu. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 ya mwaka 1976, ile ndefu ya milango mitano, ya kijani yenye paa la rangi ya maziwa. Imekaa chini ya mparachichi miaka 11. Injini imeshashughulikiwa na inawaka, sasa tumebaki na bodi. Fundi wa hapa Tukuyu anataka 1,300,000 kwa kazi ya siku nne. Wa pili, wa Mbeya mjini, anataka 3,200,000. Wa tatu, naye wa Mbeya, ametaka 5,900,000 na mwezi mmoja na nusu, na amekataa kupunguza hata shilingi. Gari ni lile lile na rangi ni ile ile. Mdogo wangu anataka tuipake nyeusi isiyong'aa, mama hataki kusikia. Halafu mlangoni kuna jina la duka la baba lililochorwa kwa mkono, tungependa lisipotee. Kati ya hawa watatu, nani ananidanganya?

Jibu:

Marahaba mwalimu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea kijana ninayefanya naye kazi, kwa sababu swali hili tunaulizwa mara nyingi na huwa tunalijibu tukiwa tumesimama, mikono imejaa puti ya kujazia mabonde ya bati. Leo nimekaa chini nikujibu vizuri.

Kwa ninavyoona, hakuna anayekudanganya kwenye bei. Kila mmoja amekutajia bei ya kazi anayokusudia kuifanya, na hizo ni kazi tatu tofauti zinazoitwa kwa jina moja. Siku ya kukabidhiwa gari zote tatu zitafanana. Mtazitofautisha masika ya pili, mlango unapoanza kuvimba kwenye kona ya chini. Kwa hiyo usiulize nani ana bei nzuri. Uliza kila mmoja atafanya nini kabla hajashika bunduki ya rangi, maana hela nyingi ya kazi hii huishia huko.

Nianze na gari lenyewe, kwa kuwa Land Rover haikujengwa kama Peugeot au Corolla. Ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, vita ilikuwa imeisha juzi tu, chuma kilikuwa cha mgao, na kilichopatikana ni aluminiamu. Basi madigadi, boneti, paa, ubavu na ngozi ya nje ya milango vikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu iliyoitwa Birmabright. Chesisi, fremu za milango na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva vikabaki kuwa vya chuma. Utaratibu huo ulifika mpaka kwenye toleo la tatu, Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ya mzee wenu imo humo.

Ndiyo maana utasikia watu wakisema Land Rover haishiki kutu. Wanaosema hivyo wametazama madigadi. Wangelala chini wakatazama chesisi, au wakainua kapeti la miguuni kwa dereva, wangesema mengine. Tena kuna jambo lingine ambalo watu hawalijui: chuma na aluminiamu vikigusana huku kuna maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Haitoi kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe, kama chumvi iliyoganda, na rangi iliyo juu yake huvimba vidonda vidonda. Utauona unga huo pembezoni mwa milango, pale ngozi ya aluminiamu ilipokunjwa juu ya fremu ya chuma, na kuzunguka ribiti na bolti. Gari lililokaa miaka 11 chini ya mparachichi, tena Tukuyu ambako mvua haina likizo, na majani yameoza kwenye mifereji ya paa, lazima litakuwa na unga huo. Kiasi gani, sijui mpaka niguse.

Wewe unaweza kugusa leo. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio, na bisibisi. Zunguka gari na sumaku: inaponasa ni chuma, isiponasa ni aluminiamu. Kila inaponasa, sukuma kwa ncha ya bisibisi, bila kupiga, hasa sakafu ya miguuni, nguzo za milango ya mbele chini ya bawaba, na chesisi sehemu ya nyuma kabisa. Bisibisi ikizama, andika. Na kwenye sehemu nilizokutajia kuwa ni za chuma, sumaku ikinasa kwa udhaifu au isiponasa kabisa, jua kuna puti nene iliyofunika kitu. Ukimaliza utakuwa na karatasi yenye orodha ya matundu, na karatasi hiyo ndiyo utakayompelekea kila fundi akutajie bei upya. Bei zote tatu ulizonazo sasa zimetajwa na watu waliolizunguka gari kwa dakika kumi.

Sasa tuhesabu.

Watu wengi wanadhani wanalipia rangi. Basi tuanze na hiyo rangi, nikuonyeshe ilivyo kidogo. Land Rover 109 ina urefu wa karibu mita 4.4, upana wa mita 1.7 hivi na kimo cha karibu mita 2. Ukipima ubavu zote mbili, paa, boneti, madigadi, mbele na nyuma, ukatoa vioo, unapata kama mita za mraba 25 za nje. Rangi iliyokauka vizuri ina unene wa mikroni 50 hivi, yaani chini ya unene wa unywele mmoja. Karibu nusu ya rangi ni maji ya thina na vingine vinavyoruka ikikauka, kwa hiyo ili ubakiwe na mikroni 50 inabidi uweke kama 100 ikiwa mbichi. Mita 25 za mraba kwa mikroni 100 ni lita 2 na nusu tu. Lakini bunduki ya rangi ya kawaida hupoteza mpaka nusu na zaidi hewani, basi zidisha mara mbili: lita 5 zilizokwisha kuchanganywa. Kwa rangi ya 2K, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha iitwayo hadina, mbili kwa moja, hizo ni lita 3 na kidogo za rangi, lita 1 na nusu ya hadina, na thina kidogo. Ongeza lita moja na nusu kwa ajili ya ndani ya milango, chini ya boneti na dashibodi. Umemaliza. Nenda duka lolote la rangi Mwanjelwa, hapa Mbeya, uliza bei ya kiasi hicho, utaona ni kipande kidogo hata kwenye ile 1,300,000.

Sasa hesabu siku. Nitakutajia za kwangu, kwa gari kama lenu, mimi na msaidizi mmoja. Kufungua milango, vioo, taa, madigadi, boneti na mipira, siku mbili. Kuondoa rangi ya zamani mpaka kwenye bati, siku tano. Chuma kilicholiwa, yaani kukata, kuchomelea vipande vipya na kuvisafisha, tano kama hali si mbaya sana. Kunyoosha na kupiga puti, sita, kwa sababu aluminiamu ya Land Rover hupata mabonde mengi na haitaki haraka. Praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha, na misasa ya kati, siku nne. Rangi, mbili. Kurudisha kila kitu mahali pake, milango ifungike bila kugonga, nne. Jumla ni siku 28. Tuseme fundi mnamlipa 35,000 kwa siku na msaidizi 15,000. Hapo ni 50,000 kwa siku, na kwa siku 28 ni 1,400,000, kabla hamjanunua hata karatasi moja ya msasa.

Umeona? Yule wa Tukuyu anayetaka 1,300,000 pamoja na vifaa hawezi kufanya kazi hiyo. Simsemi vibaya, yeye mwenyewe amekwambia ukweli aliposema siku nne. Kwa siku nne atakwangua palipovimba, atajaza puti, atasugua gari zima kwa msasa wa maji, ataziba vioo kwa magazeti na tepu, kisha atapuliza. Hiyo ni kazi halali kwa gari la biashara linalotaka kuonekana safi mwaka mmoja. Kwa gari la urithi, mtakuwa mmefunika ugonjwa kwa shuka jipya.

Wa tatu, wa 5,900,000, bado ana la kueleza. Ukitoa 1,400,000 ya mikono, inabaki 4,500,000. Humo kuna rangi, praima, puti, misasa, dawa ya kuondoa rangi, thina ya kuoshea (hii hula hela kuliko watu wanavyofikiri), mabati ya kuchomelea, mipira mipya ya milango na vioo, bolti, umeme, nafasi ya gereji kwa wiki sita, na faida yake. Huenda ni bei ya haki, hasa kama sakafu na nguzo zimeoza. Mwombe aiandike vipande vipande. Akiandika, na mstari wa kuchomelea ukalingana na karatasi yako ya bisibisi, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi. Kukataa kwake kupunguza kusikutishe. Anayekubali kushuka milioni mbili wakati mnakunywa chai ametoa siku fulani kwenye kazi, na hatakwambia ni zipi.

Yule wa katikati ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Mtu akipewa bei tatu hupenda kukimbilia ya katikati akidhani ndiyo salama. Lakini 3,200,000 inaweza kuwa kazi nzuri kwa gari lisilooza sana, na inaweza pia kuwa ile ile kazi ya siku nne iliyofanyiwa mjini. Kwa kuitazama bei hutajua. Muulize swali moja, na umwache ajibu bila kumsaidia: "Bati la aluminiamu likibaki tupu, utaanza kulipaka nini?"

Nikueleze kwa nini nimechagua swali hilo. Miaka kadhaa iliyopita ililetwa kwangu Land Rover kutoka Kyela, imepakwa rangi mpya sehemu nyingine miezi minane tu kabla. Kwa mbali ilikuwa inang'aa. Mwenyewe aliweka ukucha kwenye kona ya digadi akavuta, na rangi ikaja kama ganda la ndizi, upana wa kiganja, huku bati chini likiwa safi, linameta, kama halijawahi kuguswa na rangi. Yule mzee alikuwa ameuza ng'ombe kulipia kazi ile. Tuliondoa yote tukaanza upya, alilipa mara mbili. Kilichotokea ni kwamba aluminiamu ikikwanguliwa hujifunika yenyewe, ndani ya muda mfupi sana, kwa utando mwembamba mgumu ambao rangi ya kawaida na praima ya kawaida hazishiki vizuri juu yake. Inahitaji ama praima ya asidi, ambayo huuma ule utando, ama praima ya epoksi juu ya bati lililosuguliwa na kufutwa mafuta siku hiyo hiyo.

Fundi akikujibu moja ya hizo mbili, amewahi kushika aluminiamu. Na kama ni wa praima ya asidi, mwongezee swali la pili: puti utaiweka juu yake au chini yake? Puti ya poliesta haitakiwi kukaa moja kwa moja juu ya praima ya asidi, kwa sababu asidi huizuia puti kukomaa na baadaye huachia. Mimi hutumia epoksi kwanza, puti juu yake, kisha praima nyingine ya kujaza. Ni ghali zaidi kwa lita, lakini inanipunguzia wasiwasi, nami siku hizi napenda kulala usingizi.

Kuna mambo mengine ya aluminiamu ambayo myaandike kwenye makubaliano, kwa sababu kosa lake halirudishiki. Asitumie kostiki soda kuondoa rangi. Kwenye chuma inaweza kupita, kwenye aluminiamu inakula bati lenyewe. Asiipige mchanga wa mashine, bati litajikunja kama karatasi iliyolowa. Asitumie grainda ya diski nzito. Joto na mikwaruzo yake vitamlazimu aweke puti ambayo haikuhitajika. Dawa ya kuondoa rangi, kikwangulio butu na uvumilivu, basi. Na brashi ya waya iliyokwisha kusugua chuma chenye kutu isiguse aluminiamu, maana huacha chembe za chuma ndani ya bati na pale pale unga mweupe utaanza upya.

Puti yenyewe isiwatie wasiwasi. Kilo mbili au tatu kwa gari zima ni kawaida. Mkiona anafungua kopo la tano, nendeni mkatazame anajaza nini. Na puti isisuguliwe kwa maji ikiwa tupu. Hunywa maji kama sifongo, maji hayo hubaki chini ya rangi, na jua la Oktoba likipiga hutafuta njia ya kutokea. Puti husuguliwa kavu. Msasa wa maji unaanza juu ya praima iliyokomaa.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina bei yake. Hapa Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Rangi ya 2K hukauka kwa kuungana na hadina yake, na chini ya nyuzi 10 muungano huo karibu unasimama. Asubuhi unaikuta laini, imenasa umande na wadudu. Rangi ya NC, ile inayokauka haraka kwa thina, ina ugonjwa mwingine: ikipulizwa kwenye unyevunyevu thina inaporuka hupoza bati, umande unatua juu yake, na kijani kinageuka kama kimepakwa maziwa. Tukuyu mna unyevu karibu mwaka mzima. Kwa hiyo hata kama mtampata fundi mzuri huko huko, ningependa siku mbili za rangi yenyewe zifanyike Mbeya au Mbalizi, Septemba au Oktoba, ndani ya banda lililomwagiwa maji sakafuni kutuliza vumbi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Akikwambia atapuliza jioni ili amalize, mwambie alale.

Kuhusu rangi gani, ninasimama upande wa mama, na sababu zangu ni za hela. Mkibaki na kijani, sehemu za ndani ambazo rangi bado imeshika, kama chini ya viti na ndani ya milango, zinaweza kusafishwa na kuguswa guswa tu. Mkigeuza kuwa nyeusi, kila mlango utakapofunguliwa kijani kitachungulia, na ili kisichungulie inabidi kufungua na kupaka kila kona. Hizo ni siku nyingine tano au sita. Rangi isiyong'aa nayo haivumilii: tawi likiikwaruza huwezi kuipolishi, maana ukiipolishi panang'aa pale tu. Kinyesi cha ndege kinaacha alama. Halafu rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, mkibadili lazima mkabadilishe kumbukumbu TRA, Mamlaka ya Mapato. Kijani chenu, kama ni kile kilichokolea, kiwandani kiliitwa Bronze Green, na la paa liliitwa Limestone. Zote mbili ni rangi za kawaida zisizo na chembe za metali, hazihitaji klia, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi ya kung'arisha, juu yake, na dukani wakipewa kipande safi, kwa mfano kifuniko cha ndani ambacho jua halikukifikia, wanakoroga ikalingana. Kuacha klia peke yake kunawaokolea vifaa na siku moja. Mdogo wako mpeni chesisi. Hiyo ni nyeusi tangu kiwandani, akiisugua na kuipaka mwenyewe atakuwa amefanya kazi ambayo fundi angewatoza siku tatu.

Na hapo ndipo mnapoweza kupunguza bei bila kuharibu kazi. Kufungua gari mnaweza wenyewe. Nunueni mafuta ya kulegeza kutu, mpulizie bolti leo, kesho na keshokutwa kabla hamjazigusa na spana. Kila bolti na kila waya viingie kwenye mfuko wake, andika umetoka wapi, piga picha kabla ya kufungua. Kuondoa rangi kwa dawa nako mnaweza, wikiendi nne za ndugu watatu zinatosha. Nimefanya hivyo na familia moja ya Uyole, nikawatoza karibu theluthi mbili tu ya bei yangu, na kazi haikupungua ubora.

Lakini hapa naomba mnisikilize. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi ndani yake. Msisugue kavu uani ambapo watoto wanacheza na kuku wanachakura. Tumieni dawa au msasa wa maji, kusanyeni maganda kwenye mfuko, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Upande wa kupuliza 2K msiuguse kabisa. Hadina yake ina kemikali za aisosianeti ambazo huingia kwenye mapafu na kumletea mtu pumu isiyoondoka. Kitambaa puani hakizuii chochote. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ninamjua fundi aliyenifundisha kazi, alikuwa na mkono mzuri kuliko wote niliowaona, na leo hawezi kupanda ngazi za ghorofa moja bila kupumzika. Ukifika gereji ukakuta wanapuliza bila barakoa, usiwaachie gari lako. Watu wasiojihurumia mapafu yao hawatalihurumia bati lako.

Kama hela itagoma kabisa, kuna njia ambayo mafundi wengi hawapendi kuitaja. Land Rover inavumilia kupakwa kwa brashi na rola. Rangi nzuri ya mafuta ya kupaka mitambo, ikipakwa mikono miwili au mitatu myembamba juu ya matayarisho yale yale niliyoeleza, inakaa miaka, na ikikwaruzwa mnaigusa wenyewe. Haitang'aa kama kioo. Hata ilipotoka kiwandani haikung'aa kama kioo, ilikuwa gari la shamba. Ningechagua brashi juu ya bati lililotayarishwa vizuri, mara kumi, kuliko bunduki juu ya puti ya siku nne.

Malipo myagawe. Sehemu ya kwanza ya kununulia vifaa, na mrudishiwe risiti. Ya pili mtoe mkienda kuona bati tupu, kabla ya praima kupita. Siku hiyo ndiyo ya muhimu kuliko siku ya kukabidhiwa. Nendeni na sumaku na ile karatasi. Ya tatu baada ya praima, na ya mwisho gari likishapita kwenye mvua moja nzuri na milango ikawa haivuji. Fundi mwenye kazi yake hatakataa.

Limebaki jina la duka. Mlango huo usiguswe na mtu kwanza. Uoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, usitumie thina wala polishi ya silikoni, maana silikoni ikibaki hutoboa rangi mpya vishimo vishimo. Piga picha ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, na rula ikiwa imebandikwa pembeni ili vipimo visipotee. Kisha chukua karatasi ya kupitishia mwanga, ile wanayotumia wachoraji wa ramani, ibandike kwa tepu na ufuatishe kila herufi kwa penseli laini, pamoja na umbali wake kutoka kitasani na ukingo wa chini. Tazama pia mkono wa mchoraji ulivyopita: wapi brashi ilianza nene na wapi iliishia nyembamba. Kama maandishi bado yameshika na bati chini yake halijavimba, mnaweza kuamua kuliacha lile eneo lilivyo na kulizungushia rangi mpya. Nitakuonyesha jinsi ya kufifisha ukingo usionekane. Kama limevimba, tutaliondoa, na wachora mabango wa brashi bado wapo Mbeya, ingawa si wengi. Ukinitumia picha ya mlango na karatasi ya bisibisi kwa pamoja, nitakwambia ni lipi kati ya hayo mawili.